Ireland kwa Wawili: Angalia Kavaaje Pete

Wewe na mwenzi wako mmechoka na fungate za ufukweni? Ifikirieni Ireland. Ila visa kwanza, jamani! Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji visa ya Ireland yenyewe. Ile ya Schengen haiwafikishi Dublin. Na Belfast iko upande wa Uingereza: visa nyingine, na pesa ni pauni, si yuro.

Dublin siku mbili zinatosha. Makumbusho ya Taifa pale Kildare Street hayana kiingilio. Temple Bar pigeni picha tu mpite, bia zake zinaumiza mfuko.

Kisha treni hadi Galway, nyumbani kwa pete ya Claddagh: mikono miwili imeshika moyo wenye taji, yaani urafiki, mapenzi na uaminifu. Ikivaliwa mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kwenye kucha, mwenyewe anatangaza yuko huru! Ncha ikielekea kwake, ana mtu. Mkono wa kushoto ni wa wachumba na wanandoa. Sasa dada, hebu mkague huyo wako.

Kusini kidogo, Clare, kuna majabali ya Moher, mita 214 juu ya bahari, na kijiji cha Doolin, ambako fidla na filimbi hupigwa mezani baa, bila jukwaa. Mtu akianza kuimba peke yake, acheni stori. Na mkinunuliwa kinywaji, zamu yenu inafuata, hata kama nyie ni watu wa soda.

Bado uko singo? Nenda Septemba, Lisdoonvarna, kwenye tamasha la kutafuta wachumba. Mshenga yupo kabisa.