Saa ya Tundu la Jino

Maji yapwapo katika mkono mmojawapo wa delta ya Rufiji, na mvuvi akazing'oa fito za wando wake zilizooza apate kuchomeka mpya, jambo utakaloliona, ukiwa umesimama kando yake na matope yamekufika magotini, ni kwamba shimo halimngoji mtu: kwanza hujaa maji, kisha kuta zake hulegea na kuporomokea ndani, na bahari ikijaa na kupwa mara mbili tatu, palipokuwa na shimo pamebaki kibonyeo kisichoweza kushika hata ufito wa mtoto. Msomaji atakaye kujua kwa nini madaktari wa meno hubishana juu ya siku ya kupandikiza jino mahali pa lililong'olewa, na aanzie hapo matopeni. Illa akumbuke kuwa taya ni mfupa ulio hai, na uhai huo ndio uzitatizao hesabu.

Mzizi wa jino haukushikamana na mfupa moja kwa moja. Umening'inizwa tunduni kwa nyuzi nyembamba, na tabaka la mfupa lililopakana nazo huishi kwa ajili ya jino lile tu. Jino likitoka, damu hujaa tunduni ikaganda, na donge hilo ndilo msingi wa yote yatakayojengwa baadaye, ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kusukutua siku ile. Baada ya wiki nne hadi nane ufizi aghalabu umekwisha kuufunika mdomo wa tundu, na ifikapo wiki ya 12 hadi ya 16 mfupa mchanga umejaza sehemu kubwa ya ndani. Lakini wakati huo huo kuta zinaliwa. Ukuta wa upande wa mdomo, ambao kwa meno ya mbele mara nyingi haufiki unene wa milimita moja, hudhoofika na kuyeyuka, hata upana wa taya mahali pale waweza kupungua kwa kadiri ya nusu katika mwaka mmoja, na theluthi mbili za hasara hiyo huwa imetokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Tundu, basi, hujaa kwa ndani huku likisinyaa kwa nje, na mwenye kungoja ujazo hulipia kwa msinyao.

Kinachopandwa ni skrubu ya titani. Hikima yake iligunduliwa kwa sadfa: Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, alipokuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura katika miaka ya 1950, alitaka kukiondoa chombo chake cha titani akakuta mfupa umekikumbatia hakitoki. Mwaka 1965 akampandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, naye akaishi na meno yale zaidi ya miaka 40.

Nyakati za kupanda ni nne. Siku ile ile ya kung'oa, iwapo kuta zote ni nzima, usaha haupo, na skrubu yaweza kupata mfupa wa kuumia zaidi ya kina cha tundu. Wiki nne hadi nane, ufizi ukiisha kupona. Wiki 12 hadi 16, mfupa ukiisha kuanza kukomaa. Au baada ya miezi sita. Watu hudhani kuwa kupanda siku ile ile huzuia kusinyaa. Sivyo, ukuta ule mwembamba ulimtegemea mwenziwe aliyeondoka, nao huliwa hata skrubu ikiwamo, jambo ambalo kwa jino la mbele laonekana mtu achekapo.

Sasa mchukue mtu wa visiwa vya delta, ashukaye mashua kisha akapanda gari hadi Kibiti kung'olewa jino, ilhali jino la kupandikiza ni shauri la Dar es Salaam, takriban kilomita 140 mbele, na fedha yake haipatikani kwa msimu mmoja wa kamba. Huyo hakuchaguliwa wakati na daktari; amechaguliwa na masafa na mfuko, nao ni ule wa nne, ambapo huenda mfupa ukawa mwembamba hata uhitaji kuongezwa kwanza. Kwa rai yangu, swali la kupandikiza laulizwa kabla koleo halijashika jino, si pengo likiisha kuzoeleka.

Mamba wa mto huo huo hana haja ya shauri hili. D. F. G. Poole, aliyeandika juu ya meno yake mwaka 1961, alikadiria kuwa mamba wa mita nne hivi amekwisha kuyabadili mara 45. Ukiliokota jino lake matopeni, litazame shinani: ni tupu kama ganda, kwa kuwa jipya lilikwisha kuingia ndani yake na kuula mzizi, la kale likali bado likiuma.