Fahamu: Ini linapolemewa na mafuta

Mtu asiyegusa pombe anapigwa ultrasaundi na kuambiwa ini lake lina mafuta. Huona kama amesingiziwa. Lakini sukari na wanga vikizidi, ini hugeuza ziada kuwa mafuta, na mengine humiminika kutoka kitambini.

Kazi ya kuyachoma ni ya mitokondria, vinu vya nishati ambavyo seli moja ya ini huwa navyo elfu moja au zaidi. Mwanzoni huongeza kasi. Mzigo usipopungua, huvujisha kemikali kali za oksijeni zinazounguza utando wa vinu hivyo na hata DNA iliyomo ndani, ambayo haina kinga imara kama ile ya kiini cha seli. Kinu kibovu huchoma kidogo, mafuta yanarundikana, uharibifu unazidi. Seli zikifa huja uvimbe, kisha makovu. Mwisho wake waweza kuwa sirosisi au saratani.

Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetirom, dawa ya kwanza kwa ini la mafuta lililofikia uvimbe na makovu. Bei yake si ya mchezo. Kwa mnene, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito huweza kutuliza uvimbe huo. Anza kwa kuacha soda.