Je, Wajua? Unyayo wa Askari Mbele ya Meza ya Rufaa

Mkazi wa Ukonga hahitaji kuelezwa askari ni nani. Magereza wapo, FFU wapo, Airwing ipo, na ukisonga mbele kidogo unafika Gongo la Mboto penye kambi ya Jeshi. Wengi waliostaafu wamejenga humu humu, na wapo wanaotembea kwa kuchechemea. Leo safu hii ni ya miguu yao.

Je, wajua kwamba unyayo mmoja una mifupa 26? Nyayo zote mbili zina 52, robo ya mifupa ya mwili mzima. Buti, begi na bunduki, mzigo wote unaishia hapo.

Je, wajua kwamba mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika habari za wanajeshi waliovimba nyayo baada ya mwendo mrefu, asijue chanzo chake? Mionzi ya eksirei ilikuwa haijagunduliwa hadi 1895. Ilipokuja ikaonyesha kwamba mfupa mrefu wa unyayo huingia ufa kwa kukanyaga mno. Hata leo ufa huo unaweza usionekane kwenye picha ya wiki za mwanzo. Kwa hiyo kuruta anayeambiwa "picha haina kitu, rudi kwata" hajathibitishwa kuwa mzima. Arudie picha baada ya wiki mbili tatu, na majibu yote mawili ayatunze.

Je, wajua kwamba funza anayeingia miguuni si mwenyeji wa Afrika? Asili yake ni Amerika ya Kusini. Inaelezwa kwamba mwaka 1872 alishuka Ambriz, Angola, ndani ya mchanga wa meli iliyotoka Brazil, na kabla karne haijaisha alishavuka bara lote hadi pwani yetu. Vita vya 1914 vikawakuta wapagazi peku, funza akawala vidole.

Je, wajua kwamba Kariakoo unakokwenda kununua bidhaa ilikuwa kambi ya wapagazi hao, Carrier Corps ya Waingereza? Waliochukuliwa Afrika Mashariki na jirani zake wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa wanakaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi. Maandishi ya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyebeba mzigo wa vita bila viatu.

Je, wajua kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wazee waliopigana katika vita hivyo vya 1914 chini ya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck? Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walikuja wazee wapatao 350, wachache tu wakiwa na vyeti vya mwaka 1918. Afisa wa benki akawapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani, nao wakaushika ufagio kama bunduki wakatekeleza amri zote. Hakuna aliyeshindwa. Kati ya visa vyote vya madai ya askari ninavyovijua, hiki ndicho kinachonigusa zaidi: karatasi ilipotea, mwili ukatoa ushahidi.

Je, wajua kwamba siku hizi karatasi ndiyo inayotawala? Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marekani, na unawahusu Waswahili. Mpango wa jeshi lao uliojulikana kama MAVNI, uliosimamishwa mwaka 2016, uliwaandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo. Mkongwe wa jeshi hilo akirudi kuishi Ukonga, fidia yake ya ulemavu humfuata huku huku.

Je, wajua kwamba kule unyayo bapa una viwango vyake? Hali nyepesi inayotulia kwa kiatu maalumu ni asilimia 0. Ya wastani ni 10. Ikiwa kali, mguu mmoja ni 20 na yote miwili 30. Ikivuka hapo kabisa, mguu mmoja hupewa 30 na yote miwili 50. Maumivu ya utando wa chini ya unyayo, yale yanayochoma kisigino asubuhi, yaliwekewa kifungu chake Februari 2021.

Je, wajua kwamba kwa hesabu zao 30 na 20 si 50? Mwenye asilimia 30 ya mguu anahesabiwa amebakiwa na 70 ya uzima. Akiwa pia na asilimia 20 ya sikio, inakatwa kwenye hiyo 70, ni 14. Jumla 44, inashushwa hadi 40. Wengi hudhani wamedhulumiwa kumbe ndiyo kanuni.

Je, wajua kwamba rufaa nyingi za miguu huanguka au kusimama kwa swali moja: alikuja nao hivyo? Unyayo bapa wa kuzaliwa haulipwi kwa kuwapo tu. Lakini kama daktari wa usaili hakuandika kasoro yoyote, sheria inamhesabu kuruta kuwa aliingia mzima. Serikali ikitaka kupinga, ithibitishe bila shaka mambo mawili kwa pamoja: kwamba tatizo lilikuwapo kabla, na kwamba jeshi halikulizidisha. Mahakama ya rufaa ilisisitiza hivyo mwaka 2004 katika shauri la Wagner. Kama kasoro iliandikwa tangu mwanzo, mkongwe atabaki kudai kwamba utumishi uliiongeza.

Je, wajua kwamba neno la askari mwenyewe lina uzito? Katika shauri la Falzone la mwaka 1995, lililohusu unyayo bapa, mahakama ilikubali kwamba mtu asiye daktari anaweza kushuhudia maumivu ya miguu yake na hali anayoiona kwa macho. Na ushahidi wa pande mbili ukilingana, mkongwe ndiye hupewa haki.

Je, wajua kwamba aliyekataliwa ana mwaka mmoja wa kuchagua njia tatu? Alete ushahidi mpya, aombe afisa wa juu alipitie jalada lile lile, au aende kwenye Bodi ya Rufaa mbele ya jaji. Utaratibu huo ulianza Februari 2019. Bodi ikikataa, ana siku 120 kufika mahakamani.

Je, wajua kwamba mlinda amani anayeumia chini ya Umoja wa Mataifa hadai mwenyewe? Serikali yake ndiyo hupeleka dai. Mwaka 1997 Baraza Kuu liliweka kiwango kimoja kwa mataifa yote, dola 50,000 kwa kifo wakati huo, na ulemavu ukapimwa kwa asilimia. Askari wetu wamekuwa mashariki ya Kongo tangu 2013, hivyo hili si jambo la mbali.

Je, wajua kwamba mstaafu anayelinda geti la kampuni binafsi usiku analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF? Sheria yake ni ya 2008, na mchango hulipwa na mwajiri bila kumkata mlinzi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Mzee wa lindo akiteguka kifundo cha mguu kazini, asirudi nyumbani kujikanda maji ya moto na kunyamaza. Amwambie mwajiri atoe taarifa.

Afande uliye kazini, mguu ukiuma leo, nenda zahanati ya kikosi leo. Hakikisha tarehe, mahali na chanzo vimeandikwa, kisha omba nakala. Na wewe mwenye baba au mjomba mstaafu, kaa naye Jumapili hii mpekue sanduku la vyeti vyake. Andikeni majina ya wenzake wa kikosi walio hai wanaokumbuka siku aliyoumia, muwapigie simu wangalipo.