Shahada za Sanaa na Thamani ya Fedha Zake

Mintarafu ya elimu ya juu, wazazi wengi wa Tanzania wanasumbuliwa leo na swali moja: je, ni busara kutoa fedha, aghalabu fedha za mkopo, ili kijana asome historia, fasihi au sosholojia, ilhali wahitimu wengi wa fani hizo wanazunguka mijini na bahasha za vyeti wakitafuta kazi wasiipate? Swali hili ni la haki, na mwenye kuliuliza hastahili kubezwa. Walakini jawabu lake halipatikani kwa kutazama jina la shahada peke yake.

Hata taifa lenyewe halikuanzia kwenye fani za ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria. Uhandisi haukupata kitivo chake pale mpaka 1973. Dola changa ilihitaji upesi watu wa kutunga sheria na kuamua kesi kwa insafu. Hali kadhalika, mwaka 1964 kilianzishwa hapo chuo cha uchunguzi wa Kiswahili, na kutokana na kazi ya wataalamu wake ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ambayo walimu, waandishi wa magazeti na wafasiri wameitegemea tangu hapo. Hayo ni matunda ya watu waliosomea lugha, na taifa zima limeyala.

Lakini zama zile wahitimu walikuwa wachache, na ofisi za serikali zikiwangojea. Leo vyuo ni vingi, na serikali haiwezi kuwaajiri wote wanaohitimu. Fauka ya hayo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, humkata mhitimu aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe, kiwango ambacho kabla ya marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2016 kilikuwa asilimia 8. Kwa mwenye mshahara mdogo makato hayo si haba, na asiyepata ajira naye deni halimwachi. Tena iko gharama isiyoandikwa katika fomu yoyote, yaani ile miaka mitatu ambayo kijana hakuchuma, hali mwenzake aliyejifunza umeme au ushonaji katika chuo cha ufundi cha VETA amekwisha kuanza kujitafutia riziki.

Tofauti kubwa ni hii: shahada ya udaktari au ya uhandisi humwelekeza mtu kwenye kazi yenye jina, ambayo mwajiri anaijua, ilhali shahada ya sanaa haimpi mtu kazi yenye jina, bali humpa uwezo wa kusoma mambo mazito, kupima ushahidi, na kuandika kwa ufasaha na kwa hoja. Uwezo huo una soko katika magazeti, mabenki, mashirika na ofisi za tafsiri, illa haupatikani kwa kuhudhuria mihadhara tu. Mwanafunzi aliyetegemea madesa ya waliomtangulia, akanakili insha na kukariri majibu usiku wa kuamkia mtihani, amelipa ada kamili na hakununua kitu. Na mwajiri humtambua kwa barua ya kwanza atakayomwandikia.

Basi hukumu yangu ni kwamba shahada ya sanaa ina thamani ya fedha zake kwa yule aliyeichagua kwa mapenzi, akasoma vitabu kwa ukamilifu wake, akaandika sana, na akajiongezea lugha ya pili au ujuzi wa hesabu za fedha. Na kwa anayeifuata kwa sababu tu alama zake hazikumfikisha kwingine, ni hasara iliyo dhahiri. Enyi wazazi, kabla kijana hajatia saini fomu ya mkopo, muulizeni atakuwa anajua kufanya nini siku atakapohitimu. Na ikiwa hana jawabu, mpeni muda wa kulitafuta, kwani kungoja mwaka mmoja ni nafuu kuliko kulipa deni la elimu ambayo hakuipata.