Mzinga wa ndege na lugha ya onyo

Kila mwalimu wa historia katika Kisii na Nyamira hulifikia somo la mwaka 1905, wakati majeshi ya Waingereza yalipowashambulia Abagusii. Wenyeji walishika mikuki na ngao. Wavamizi walikuwa na bunduki ya rashasha. Waliouawa walikuwa wengi. Aghalabu somo hilo huhitimishwa kwa kauli kwamba silaha mpya huizika ya zamani. Kauli hiyo yafaa ipimwe, na kipimo kizuri ni kitukuu cha rashasha ile: mzinga unaofungwa katika ndege za kivita za jeti.

Katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953, jeti ziliwindana kwa risasi. Kisha yakaja makombora yanayojiongoza yenyewe, na wengi wakaamini kwamba kazi ya mzinga imekwisha. Marekani ikapeleka Vietnam ndege za F-4 Phantom zilizoundwa bila mzinga. Huko makombora yalikosa shabaha mara nyingi, na adui alipokaribia mno rubani hakuwa na la kumfanya. Mwaka 1967 ikaanza kutumika F-4E, yenye mzinga wa mitutu 6. Aliyedhaniwa maiti alikuwa amefufuka.

Ndege za F-5E ambazo Kenya ilizipata mwishoni mwa miaka ya 1970 nazo zina mizinga miwili ya milimita 20, kila mmoja ukibeba risasi 280. Rubani akifyatua mfululizo, zote humalizika kwa muda wa sekunde 11 hivi. Kwa nini basi ndege ibebe mzigo huo?

Wanajeshi watajibu kwamba mzinga hufaa kwa adui aliye karibu na kwa shabaha zilizo ardhini. Mimi ni mwanaisimu, na sababu nyingine ndiyo inayonivutia. Kombora lina neno moja tu, nalo ni kifo. Mzinga unaweza kutamka "geuka" kabla ya kuua.

Hata hivyo, ishara isiyoonekana si ishara. Tarehe 1 Septemba 1983, rubani wa Kisovieti alifyatua risasi zaidi ya 200 karibu na ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyokuwa imepotea njia usiku. Zilikuwa risasi za kutoboa vyuma, wala si zile zinazoacha mstari wa mwanga gizani. Ndege ile iliendelea na safari yake. Makombora yakafuata, na watu wote 269 wakaangamia. Msemaji alidhani amesema; msikilizaji hakuambiwa kitu.

Basi, walimu wenzangu, mkilifikia tena somo la 1905, msiishie kuwauliza wanafunzi ni silaha ipi iliyokuwa mpya. Waulizeni pia iwapo aliyesimama mbele ya mtutu alipewa onyo kwa lugha anayoielewa, na muda wa kulijibu.