Mjane mahali pa Msulubiwa: kazi ya sindano ya akina mama wa Hamburg



Vitambaa vya altare tunavyoviona parokiani hudariziwa msalaba, zabibu na masuke ya ngano. Ni nadra kukuta ng'ombe, samaki au sura ya bibi wa jirani. Ndiyo maana tulipoonyeshwa darasani picha ya kazi ya akina mama wa Hamburg, tulibishana hadi kengele ya sala ya mchana.

Hamburg hii si ya Ujerumani. Ni kijiji cha Waxhosa huko Afrika Kusini, katika Rasi ya Mashariki, mto Keiskamma unapoingia baharini. Mwaka 2000 Carol Hofmeyr, daktari na msanii, alianzisha huko mradi wa kudarizi ili wanawake wapate kipato. Walitengeneza kwanza kitambaa cha mita 120 chenye historia ya eneo lao, wakifuata mfano wa kile cha Bayeux, Ufaransa. Kiliwekwa Bungeni, Cape Town.

Kilichotugombanisha ni kazi ya mwaka 2005. UKIMWI ulikuwa umeingia karibu kila nyumba kijijini. Watu wapatao 130, wengi wao wanawake, wakashona picha kubwa ya altare yenye milango inayofunguka, kwa uzi, shanga na waya.

Mfano wake ni picha ya altare ya Isenheim, aliyoichora Grünewald kati ya 1512 na 1516 kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Antoni. Hospitali yao ilihudumia wagonjwa wa "moto wa Mtakatifu Antoni", ugonjwa uliotokana na ukungu wa nafaka, uliochoma ngozi na kuozesha viungo. Kristo wa Grünewald amejaa vidonda mwili mzima. Mgonjwa alitazama juu, akaona mwili kama wake.

Akina mama wa Hamburg wakamweka mjane aliyevaa nguo za msiba mahali pa Msulubiwa. Pembeni, walipokuwa Watakatifu Sebastiani na Antoni, wamesimama bibi wawili wa kijijini. Chini, palipokuwa na Kristo anayelazwa kaburini, yamedariziwa mazishi ya kijana aliyekufa kwa UKIMWI. Mmoja wa wale bibi ni mama yake mzazi.

"Basi mjane amekuwa Mkombozi?" aliuliza mwenzetu. Mwingine akamrudisha kwenye Mathayo 25. Sisi tunaona swali ni halali. Vidonda vya Isenheim havikumfanya mgonjwa kuwa Mungu, na nguo za msiba hazimfanyi mjane kuwa Kristo. Hata hivyo tofauti ipo, tusiifunike: Isenheim Kristo anaonekana, lakini Hamburg ni lazima uijue picha ya kwanza ndipo utambue amesimama mahali pa nani. Mlezi wetu hakutoa hukumu. Alisema tu tufungue milango.

Milango ya kwanza ikifunguka, msiba unageuka furaha: ng'ombe, samaki, ndege, miti, na mzee mmoja wa kijijini maarufu kwa kukimbia kwenye vilima vya mchanga akisali. Ndani kabisa, pale Isenheim palipo na sanamu za mbao, kuna picha za kamera za bibi watatu, kimo halisi cha mtu, kila mmoja na wajukuu anaowalea.