Mbaazi Haina Kosa: Asidi ya Yuriki na Mlo wa Nachingwea na Ruangwa

Kuanzia Oktoba, mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa inapodondosha matunda, fedha na uraka huingia vijijini kwa pamoja. Fedha hutokana na minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Uraka hutokana na mabibo yenyewe, yakishakamuliwa na maji yake kuachwa yachachuke. Jiko la nyama choma haliachi kutoa moshi, na kreti za bia na soda zinashushwa kila siku. Jua nalo ni kali, mvua bado haijanyesha, na mtu anayeokota korosho tangu alfajiri anaweza kufika adhuhuri bila kunywa hata kikombe kimoja cha maji. Kwa mwenye asidi ya yuriki nyingi katika damu, hakuna kipindi cha mwaka kilicho kibaya zaidi.

Mtu hulala akiwa mzima. Saa nane za usiku anaamshwa na maumivu kwenye shina la kidole gumba cha mguu. Kidole kimevimba, kimewiva, kina joto, na hata shuka likikigusa anapiga kelele. Kukipambazuka, jirani mmoja anasema amekanyaga kitu alichotegewa, mwingine anasema ni baridi yabisi, wa tatu anashauri akandwe kwa maji ya moto. Wengi wa wanaoamka hivyo wana gauti, au jongo.

Akifika kupimwa na kuambiwa asidi imezidi, shauri la kwanza atakalolisikia mtaani ni aache mbaazi, kunde, choroko, maharage na karanga. Shauri hilo limekaa vibaya. Linamnyang'anya mkulima wa Lindi chakula chake bora kuliko vyote, chenye protini na cha bei nafuu, huku vinavyomdhuru hasa vikibaki mezani.

Asidi ya yuriki ni taka. Mwili huitengeneza unapovunjavunja purini, kemikali zilizomo ndani ya chembe hai zote, za mtu na za chakula chake. Takriban theluthi mbili hutokana na mwili wenyewe, na theluthi moja hivi ndiyo inayotoka sahanini. Figo hutoa sehemu kubwa ya taka hiyo kwa njia ya mkojo, na inayobaki hupitia utumbo. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuisaga zaidi mpaka iyeyuke kirahisi, lakini binadamu na nyani wakubwa walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Ndiyo maana damu ya mtu huishi karibu na ukingo. Ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita, asidi hiyo hufanya kama chumvi iliyozidi kwenye maji: haiyeyuki tena yote. Hugeuka fuwele nyembamba zenye ncha, nazo hupenda kujikusanya mahali penye baridi, mbali na moyo. Kidole gumba cha mguu ni mahali pa namna hiyo. Kifundo cha mguu na goti hufuata.

Tena asidi hii haina uhusiano na ile ya tumboni inayoleta kiungulia. Limau, ndimu na nyanya haziiongezi, na anayeziacha kwa kuhofia gauti anajinyima bure.

Watu wengi wenye asidi iliyozidi hawapati gauti maisha yao yote, kwa hiyo kipimo kikubwa pekee si ugonjwa. Wanaume hupata zaidi na mapema. Kwa wanawake, homoni za uzazi husaidia figo kuitoa asidi, hivyo gauti huwafikia zaidi baada ya hedhi kukoma.

Zamani madaktari wa kizungu waliokuwa Afrika Mashariki waliamini kwamba Mwafrika hapati gauti. Mwaka 1947 Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona mgonjwa mmoja kutoka Ruanda kuwa jambo la kuandikiwa makala katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Waingereza walianza ule mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja bara, kisha mwanzoni mwa 1951 wakauacha. Karanga zililimwa na kuliwa Nachingwea kabla yao na baada yao, pamoja na mbaazi na mtama, na bado gauti ilikuwa adimu katika rekodi za madaktari. Kama jamii ya kunde na karanga ndizo zingekuwa chanzo, watu wa kusini wangeugua vizazi vingi vilivyopita.

Ushahidi wa kisayansi unaelekea hukohuko. Mwaka 2004 timu ya Hyon Choi wa Boston ilichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 12 wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani waliokuwa katika fani za afya. Wanaume 730 walipata gauti. Waliokula nyama kwa wingi walikuwa hatarini zaidi, na waliokula sana samaki na viumbe wengine wa majini vilevile. Mboga zenye purini nyingi hazikuongeza hatari hata kidogo, na maziwa yaliipunguza. Mwaka 2015 watafiti wa Singapore, waliofuatilia Wachina zaidi ya 50,000, waliona kwamba waliokula zaidi soya na mbegu nyingine za jamii ya kunde walipata gauti kwa uchache kuliko wenzao. Purini zimo katika mbaazi, hilo ni kweli, lakini mwili hauzipokei kama zile za maini. Kisamvu cha nazi, kunde, choroko na ugali wa muhogo vibaki mezani. Korosho pia, kwa kiasi, maana zina mafuta mengi na uzito ukiongezeka ni tatizo lingine.

Basi kinachotakiwa kupungua ni nini?

Pombe inatangulia. Kilevi huongeza utengenezaji wa asidi na papo hapo huzuia figo kuitoa, na bia huja na purini zake yenyewe. Katika wanaume walewale wa Choi, waliokunywa bia mbili au zaidi kwa siku walipata gauti mara mbili na nusu kuliko wasiokunywa kabisa. Pombe kali nayo iliongeza hatari. Uraka hauna kinga kwa kuwa umetoka kwenye tunda. Gongo inayopikwa kutokana na mabibo, mbali na kuwa haramu kisheria, ina historia ya kutisha kwa jamaa zake wa mbali: kusini mwa Marekani, wanywaji wa pombe ya magendo iliyopikwa kwa kutumia radieta kuukuu za magari walipata gauti kwa sababu madini ya risasi kwenye viungio vya radieta yaliingia katika pombe na kuharibu figo zao. Anayejua mtambo wa gongo umeungwa kwa vyuma gani ni mpikaji peke yake.

Bibo likiliwa bichi ni jambo jingine kabisa. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini hiyo husaidia kidogo figo kuitoa asidi. Inasikitisha kuona tunda hilo likioza chini ya mikorosho wakati watoto wanapewa senti za soda.

Soda yenyewe inastahili kuogopwa kuliko inavyoogopwa. Sukari ya fruktosi iliyomo ndani yake, inapochakatwa kwenye ini, huzalisha asidi ya yuriki moja kwa moja. Utafiti wa 2008 ulionyesha kwamba wanaume waliokunywa soda za sukari mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Kuna watu wameacha pombe kwa nia njema, wakahamia kwenye soda tatu kwa siku, na kidole hakikupona.

Halafu kuna supu. Maini, figo, moyo na bandama zimejaa purini, na nyama inapochemshwa, sehemu ya purini huhamia kwenye maji. Bakuli la supu ya asubuhi linaweza kumdhuru mgonjwa kuliko mnofu wenyewe. Tangu wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu na Ihefu waelekezwe mkoa wa Lindi kuanzia 2006, ng'ombe wameongezeka katika eneo ambalo zamani lilikuwa na mifugo michache. Walileta nyama, na walileta maziwa pia. Mwenye gauti achague maziwa, mtindi na mayai, na nyama aile mara chache kwa kipande kidogo.

Dagaa zinahitaji busara. Zina purini nyingi, lakini katika nyumba nyingi za Ruangwa ndizo mboga ya pekee yenye protini ya mnyama, na kumkataza mama chakula hicho bila kumpa mbadala ni ukatili. Asizile kila siku. Akizichemsha kwanza amwage maji, azichanganye na mbaazi au mchicha, na siku ambazo kiungo kimevimba aziache.

Maji hayana mjadala: lita 2 hadi 3 kwa siku, zaidi kukiwa na jua, isipokuwa kwa mgonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa na daktari ajizuie. Mradi wa maji wa Masasi na Nachingwea unaotoka chanzo cha Mbwinji umewapunguzia wengi adha, ingawa mwenye kuchota mbali bado huhesabu kila kikombe. Mwezi wa Ramadhani, mwenye gauti anayefunga ajitahidi kunywa kati ya futari na daku, na amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Kupunguza uzito husaidia sana, mradi iwe polepole, kwa sababu kujinyima chakula ghafla hupandisha asidi.

Kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: chanzo kinaweza kuwa dawa. Takwimu za kitaifa za 2012 zilionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, na dawa za kukojosha, ambazo ni nafuu na nzuri kwa shinikizo, huifanya figo ibakize asidi. Pirazinamidi, inayotumika katika miezi 2 ya mwanzo ya tiba ya kifua kikuu, hufanya hivyohivyo. Mgonjwa asiziache kamwe kwa uamuzi wake. Amweleze daktari, maana dawa ya shinikizo inaweza kubadilishwa. Losartani, kwa mfano, hushusha asidi kidogo.

Pamoja na yote hayo, mlo una mpaka wake. Kwa mtu wa kawaida hushusha kiwango kwa takriban miligramu 1. Aliye na miligramu 9 hatafika salama kwa kubadili sahani tu, na kumlaumu kwamba anakula vibaya ni kumwonea, kwa sababu figo nyingi zimezaliwa na ugumu wa kuitoa asidi hiyo. Anayeshambuliwa mara kwa mara, mwenye vinundu chini ya ngozi, au mwenye figo dhaifu anahitaji alopurinoli, inayoanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu mpaka kipimo kishuke chini ya miligramu 6. Ni dawa ya kila siku, ya miaka. Miezi ya mwanzo shambulio linaweza kurudi fuwele zinapoyeyuka, na hapo ndipo wengi huitupa wakidhani imewadhuru. Kinachopaswa kumfanya aisimamishe na kukimbilia hospitali ni vipele au ngozi kubabuka.

Siku ya shambulio, mguu upumzishwe, uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi. Maji ya moto na kuchua vinaongeza mateso. Diklofenaki ya duka la dawa hutuliza, lakini ikitumiwa ovyo huumiza figo na tumbo na kupandisha shinikizo. Kiungo kilichovimba pamoja na homa kali kifikishwe hospitali siku hiyohiyo, iwe ya wilaya, Nyangao au Ndanda, kwa kuwa usaha ndani ya kiungo hufanana na gauti na huharibu kwa siku chache. Kipimo cha asidi kikichukuliwa wakati wa maumivu kinaweza kuonekana cha kawaida, hivyo kirudiwe baada ya wiki 2 hadi 4. Na kila aliyewahi kuvimba kidole hivyo aombe apimwe pia kreatinini (kipimo cha figo), sukari na shinikizo la damu, kwa sababu gauti mara nyingi huja pamoja na magonjwa ya figo, kisukari na moyo, na hayo hayampigii mtu kelele usiku.